Bibi wa Chini ya Ngazi

Jina lake kamili, kama linavyotajwa na wanaomjua, ni Fundi Waya, mwana wa Mzee Mawimbi, mjukuu wa Babu Nguzo. Babu Nguzo alipanda nguzo za simu kwa miguu mitupu, mkanda wa ngozi kiunoni, na siku ya ile tufani kubwa aliunganisha waya uliokatika huku nguzo inayumba naye juu na watu chini wanamwombea dua. Mzee Mawimbi, baba yetu, aliifufua redio iliyotumbukia kisimani, ikasoma taarifa ya habari jioni ileile. Na mama yetu, waliyemwita Bibi Simu, alikaa kwenye ubao wa kuunganishia simu miaka ishirini na sita, visikilizio masikioni, bila daftari. Enzi hizo ukinyanyua simu hukutaja namba. Unasema, "Nipe yule daktari wa meno," au "Nipe nyumbani kwa yule mwenye duka la vioo," naye anachomeka waya pale panapotakiwa. Namba za mji mzima zilikaa kichwani mwake.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu ulibandikwa ukutani, na mwalimu mkuu akawaita wa sekondari waje wautazame waone haya. Nilikuwa na kijidaftari ambamo nilinakili namba nilizomsikia mama akizitaja. Mama akinikuta alikuwa ananicheka. "Unaandika nini wewe? Kichwa chako kina tundu?" Na mdogo wangu anacheka naye. Yeye alirithi kichwa cha mama, mimi nikabaki na kalamu yangu.

Mama alipoanguka kazini na kufariki, mji ulikaa siku nne kama bubu. Walimweka msichana mwingine pale, na kila anayenyanyua simu anaulizwa, "Namba ngapi?" Nani alijua namba ngapi? Watu walirudi kutembea kwa miguu kupeleka habari. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia tukiwa bado kwenye matanga, macho yamemvimba, "Umeona, dada? Bila mama hakuna kitu." Alisema kwa fahari. Nami, kusema kweli, nilijivuna pamoja naye. Kama ningemzaba kofi siku ile na kumwambia kwamba hiyo haikuwa sifa, huenda leo nisingekuwa na la kuandika.

Alianza na redio kwa baba, akaingia kwenye simu, kisha kompyuta zilipokuja akazidaka kama mtu aliyekuwa anazingojea kituoni. Alioa, akapata binti mmoja. Mkewe akafa mtoto ana miaka minne, nikamlea mimi, na kwa kuwa tulimlea wawili, kila mtu mtaani akamwita Mwanetu. Tangu akiwa darasa la pili Mwanetu alisema atakuwa mkunga, na hakubadilisha hata siku moja. Wenzake walitaka kuwa marubani wiki hii na waimbaji wiki ijayo. Yeye alikuwa anawafunga vitambaa paka wenye mimba.

Fundi Waya aliajiriwa na chuo cha ukunga cha hapa mjini. Ofisi ya chuo ni ndogo, vyumba vitatu chini na kimoja juu, kompyuta sita, ngazi ya saruji katikati. Chini ya ngazi pana kijichumba chenye mlango wa mbao usio na komeo, pale wanapoweka fagio. Humo ndani, juu ya tofali mbili, aliweka kompyuta kuukuu isiyo na kioo wala kibodi, waya mmoja wa umeme na mmoja wa mtandao, akaifunika kitambaa. Akaipa jina Bibi.

Siku moja nilimuuliza kile chombo kina kazi gani. Akanieleza kwa namna ambayo hata mimi niliielewa mara moja. "Dada, mtandao haujui majina. Unajua namba tu. Wewe ukiandika jina la mahali unapotaka kwenda, lazima awepo mtu wa kusema namba yake ni hii. Ndiyo ile kazi ya mama. Sasa nimempa huyu."

Zile kompyuta sita alizikalisha moja moja, kwa mkono wake, akaziambia: mkitaka jina lolote, muulizeni Bibi, msimuulize mwingine. Hakuandika mahali popote. Hakubandika hata karatasi mlangoni. Nilimwambia aandike, nikajitolea kumwandikia. Akacheka kicheko kilekile cha mama. "Wakishajua wote, mimi wataniitia nini?"

Kwa miaka kumi na moja Bibi hakuugua. Mwanetu alipokuwa mdogo alikuwa anakwenda na baba yake wakati wa likizo, na kazi yake ilikuwa kumpangusa Bibi vumbi. Alikuwa anapiga goti pale chini ya ngazi na kusema, "Shikamoo, Bibi," halafu anajiitikia mwenyewe, "Marahaba, mjukuu wangu." Alipokua akajiunga na chuo kilekile. Akamaliza darasani, akamaliza miezi kumi na minane ya wodini, ukabaki mtihani wa mwisho.

Mtihani huo huwezi kuufanya kama chuo hakijakuandikisha kwenye baraza la mitihani, na uandikishaji ni kwa mtandao. Mwaka ule alama za wodini zilichelewa kutoka hospitali, zikafika siku moja kabla ya uandikishaji kufungwa. Kwa hiyo wasichana wote kumi na tisa walikuwa waandikishwe siku moja, ya mwisho, kabla ya saa kumi alasiri. Na baraza halipokei majina kutoka popote pale. Linapokea kutoka kwenye laini ya ofisi ya chuo tu, ile waliyoijua, kuzuia wajanja. Huwezi kukimbilia dukani kwenye kompyuta za kulipia wala kutumia simu yako.

Nilikuwepo. Mzazi au mlezi alitakiwa kutia saini, na baba yake alisema yeye yuko kazini, nisaini mimi. Tulikaa kwenye benchi la korido na wenzake Mwanetu, kila mmoja na bahasha yake. Ofisi ilikuwa inapakwa rangi wiki ile. Fundi rangi na watu wake walikuwa wamezagaa kila mahali, na mashine ya kusugulia ukuta inanguruma usiweze kusikia hata unachofikiri.

Saa tatu na nusu karani, waliyemwita Mama Mihuri kwa jinsi alivyopenda kugonga mihuri, alitoa kichwa mlangoni.

"Fundi! Ukurasa wa baraza haufunguki."

"Zima, washa," akasema mdogo wangu bila kugeuka.

"Nimezima, nimewasha, nimesali."

Akaja. Akajaribu kwa Mkuu wa chuo, haufunguki. Akajaribu kompyuta ya juu, haufunguki. Lakini ujumbe wa Mama Mihuri, ule wa kuzungumza na shoga zake, ulikuwa unaingia kwenye kompyuta yake kama kawaida, unalia tiii, tiii. "Mbona umbea unapita na kazi haipiti?" akauliza Mama Mihuri, na wasichana wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka. Alinieleza baadaye kwamba ule ujumbe ulikuwa umeshapata njia yake tangu asubuhi, haukuhitaji kuuliza jina tena. Lakini saa ile aliusoma vingine. Alisema laini inakuja na kukatika, ni dishi la juu ya paa, hawa watu wa rangi wameligusa.

Akakizima kile chombo kinachopokea mtandao na kukiwasha tena. Ujumbe wa Mama Mihuri nao ukakoma, kwa kuwa sasa ilibidi nao uulize jina upya. "Sikuwaambia?" akasema. "Sasa imekufa kabisa." Akachukua ngazi ya wapaka rangi, akapanda juu ya paa. Ana miaka hamsini na tisa na magoti mabovu, lakini alipanda kama mjukuu wa Babu Nguzo, na mimi chini nikamwangalia na kujivuna, mjinga mimi.

Alikaa paani zaidi ya saa moja. Alibana kila kinachobanika. Aliposhuka alibadilisha waya, kisha akabadilisha tena ule aliobadilisha. Kisha akapiga simu kampuni ya mtandao, akaiweka kwa sauti kubwa ili sote tusikie anavyowapa vidonge vyao.

"Mzee, kwetu laini yako tunaiona ni nzima," akasema kijana wa kule.

"Unaionaje nzima na mimi niko hapa sina kitu?"

"Iko nzima, mzee wangu. Angalia mambo ya ndani."

"Ndani nimejenga mwenyewe! Mimi nimeanza kazi hii wewe unanyonya!" Akakata simu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Nakumbuka kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, ikiwa imefunikwa nailoni kwa ajili ya rangi. Mwanetu aliinuka kwenye benchi, akamwendea baba yake polepole.

"Baba, umemwangalia Bibi?"

Alisema kwa adabu, kwa sauti ya chini. Lakini Mama Mihuri alikuwepo, Mkuu wa chuo alikuwepo, wale wasichana walikuwepo. Mdogo wangu alimtazama mwanawe kama kwamba amemvua nguo hadharani.

"Bibi haumwi."

"Ninasema tu, labda hawa watu wa rangi..."

"Nimesema haumwi. Wewe ni fundi? Kakae nje na wenzako, usinichanganye."

Mwanetu akasema, "Sawa, Baba," akarudi kukaa. Nilimsogezea chupa ya maji. Hakunywa. Nami niliyemlea, niliyejua kwamba huyu mtoto hafungui mdomo bila sababu, sikusema neno. Ningeweza kutembea hatua nane na kuufungua ule mlango usio na komeo. Nilibaki nimekaa kwa sababu mdogo wangu ndiye fundi.

Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Mkuu wa chuo, mama mtulivu wa kuzungumza kwa nadra, alitembea kutoka chumba hadi chumba akigusa vitu visivyohusika. Wasichana walikoma kutaniana. Mdogo wangu alikuwa ametandaza nyaya sakafuni kama utumbo. Midomo yake ilikuwa mikavu na alikuwa anajisemea peke yake.

Saa tisa na dakika ishirini, akiwa amechoka hata kukasirika, alikaa kwenye kompyuta ya Mkuu, na badala ya kuandika jina akaandika namba. Namba tupu, moja ya zile alizozijua kwa kichwa. Ikajibu. Akaandika tena, ikajibu. Njia ilikuwa wazi tangu asubuhi. Kilichokosekana ni wa kutaja majina.

Nilimwona akiinuka. Hakukimbia. Alitembea hadi chini ya ngazi akafungua ule mlango. Zile tofali mbili zilikuwepo. Juu yake palikuwa na ndoo ya rangi, na waya wa ile mashine ya kusugulia ulikuwa umechomekwa pale Bibi alipokuwa anachomekwa.

"Hapa palikuwa na kitu," alimwambia fundi rangi.

"Lile kopo kuukuu? Tumelitoa asubuhi, tumelitupia kule nyuma kwenye lundo la taka. Halikuwa na kioo wala nini, mzee, tukajua ni taka. Mbona halijaandikwa kitu?"

Mdogo wangu alirudi kwenye kompyuta ya Mkuu, akaiambia iache kumuuliza Bibi, iiulize kampuni ya mtandao. Kazi hiyo haikumchukua hata dakika tatu. Niliihesabu kwenye ile saa ya nailoni. Tangu saa tatu na nusu asubuhi, dawa ilikuwa ya dakika tatu.

Ukurasa wa baraza ukafunguka saa tisa na dakika ishirini na sita. Lakini siku ya mwisho kila chuo kimejazana mlangoni, ukurasa unatambaa, na baraza huruhusu kila chuo kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Kila msichana alihitaji picha, alama na saini kuingizwa, dakika mbili kwa mwenye bahati. Mama Mihuri akashika orodha. Orodha ilikuwa kwa alfabeti, na jina la Mwanetu lilikuwa la kumi na nane.

"Fundi," akasema Mama Mihuri kwa kunong'ona, "nianze na wa kwako? Nani atajua?"

Chumba kizima kilisikia. Mkuu wa chuo akageuka akatazama dirishani, na kwa kugeuka kule alikuwa ameruhusu.

"Fuata orodha," akasema mdogo wangu.

"Waya!" nikasema. "Mtoto wako huyo!"

"Wote wana baba, dada. Nimewapotezea wote siku nzima. Fuata orodha."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Kuna siku naliona ndilo jambo la heshima kuliko yote aliyowahi kufanya. Kuna siku naliona ni kiburi kilekile cha asubuhi kimevaa kanzu safi. Sijapata jibu, na umri huu sidhani kama nitalipata.

Tulisimama nyuma ya kiti cha Mama Mihuri. Kila jina likiingia, msichana mmoja alikuwa anaziba mdomo na kutoka nje kulia kwa furaha. Wa kumi. Wa kumi na tatu. Wa kumi na sita aliingia saa tisa na dakika hamsini na nane. Picha ya wa kumi na saba ilikuwa imefika nusu, paji la uso na macho, ukurasa ukawa mweupe. Ukaandika kwamba uandikishaji umefungwa.

Wale wawili wengine, wa kumi na saba na wa kumi na tisa, walipiga ukelele. Mwanetu alirudisha karatasi zake kwenye bahasha, akaukunja mdomo wa bahasha vizuri, akaitia mkobani. Akampita baba yake aliyekuwa bado amekaa, akamgusa bega.

"Baba, kula basi. Hujala tangu asubuhi."

Laiti angemtukana.

Alama za wodini hufaa kwa mtihani wa mwaka uleule tu, na mtihani ni mara moja kwa mwaka. Ukikupita, unaanza tena wodini, miezi kumi na minane. Mkuu wa chuo aliandika barua, akafunga safari mwenyewe hadi barazani, akaambiwa kila mwaka kuna wenye sababu nzuri kuliko hiyo. Mmoja wa wale wawili aliolewa. Mwingine alihama mji. Mwanetu alipata kazi ya kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Jioni anarudi mikono imebabuka, anapika, anaosha vyombo, anatuuliza hali. Nikimuuliza kama atarudi chuoni ananiambia, "Nitaona, shangazi." Wale paka wa mtaani hata hawatazami tena.

Mdogo wangu alimrudisha Bibi mahali pake kesho yake ya siku ile ya uandikishaji, akazikalisha upya zile kompyuta, kisha akamkabidhi Mkuu funguo. Mkuu alimsihi abaki. Hakubaki. Akawa anakaa chumbani mwake na redio za baba, haziwashi. Nilimpelekea chakula nikakikuta baridi. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikamtania kwamba sasa amekuwa kama Bibi, hana kioo wala kibodi. Hakucheka. Mkuu alituma salamu mara tatu kwamba kila kitu kikikwama hakuna anayejua pa kuanzia, kwa kuwa yote yalikuwa kichwani mwake naye ameondoka nayo. Mara ya tatu mdogo wangu aligeuza uso ukutani.

Miezi mitano baadaye alibisha mlangoni kwangu asubuhi, ameshika daftari jipya la jalada gumu.

"Dada, wewe una mwandiko."

"Leo ndiyo umejua?"

"Andika."

Tuliandika siku tisa. Alitaja kila waya unatoka wapi kwenda wapi, kila kompyuta na namba yake, kila nenosiri, Bibi anazimwaje na kuwashwaje, na Bibi akikosekana, mtu afanye nini katika zile dakika tatu. Alitaja akiwa amefumba macho, kama mama. Pale nisipoelewa nilimrudisha nyuma, naye akarudi bila kulalamika. Nilidhani kuyatoa kutampa nafuu. Kila ukurasa ulivyojaa ndivyo alivyozidi kusinyaa.

Siku ya tisa nikasema basi, tumemaliza.

"Bado ukurasa wa kwanza," akasema. Kumbe alikuwa amenifanya niuruke makusudi. "Andika hapo kwamba siku ile, saa sita kasoro dakika kumi, binti yangu aliniambia nikamwangalie Bibi, nami nikamwambia akakae nje. Andika na majina ya wale wengine wawili. Andika yote, tangu mama. Usinipambe."

"Anayetaka kujua waya atasoma hayo ya nini?"

"Atakayelifungua ataanza na hapo."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa utepe wa karatasi wa kubandikia na kalamu nene nyeusi, akavipanga juu ya daftari, akanisogezea.

"Mimi sitaweza kuingia pale tena. Utakwenda wewe. Kila chombo kina jina lake humo, kibandike jina. Halafu daftari umkabidhi Mkuu mkononi, mbele ya watu. Anza na wa chini ya ngazi, dada, na uandike kwa herufi kubwa, hata fundi rangi aliyesimama mlangoni aweze kusoma."